Kilwa haihitaji mapambo, inahitaji wabishi

Kisiwa kizima kilinunuliwa kwa nguo. Ndivyo inavyosema Tarikhi ya Kilwa, masimulizi ya kale ya watawala wa mji huo: Ali bin al-Hasan, mtu wa Shirazi huko Uajemi, alifika na jahazi lake, akamkuta mfalme wa bara ambaye ndiye mwenye kisiwa, wakapatana. Bei ni nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mfalme akakusanya mali yake, akavuka kwenda bara, huku moyoni amekwisha panga kurudi na watu wake awaue wageni na kukitwaa tena kisiwa. Wakati huo maji yakitoka, mtu huvuka kwa miguu. Wageni nao hawakulala: wakauchimba ule mkondo. Mfalme aliporudi akakaa ufukweni kungoja maji yatoke kama kawaida yake. Hayakutoka. Akarejea kwake na majuto.

Msimulie mtoto wa miaka kumi kisa hiki, kisha mwache aulize. Nguo ngapi hizo? Nani alipima? Kwa nini auze halafu ataka kunyang'anya? Na huyu anayesimulia ni wa upande gani, mbona tapeli ni mfalme wa bara tu na mgeni anatoka msafi? Maswali haya ndiyo kazi yenyewe ya mwanahistoria, na mtoto ameyafikia bila kufundishwa. Kisha tunampeleka shule, tunamwandikia ubaoni sababu sita za kuinuka kwa miji ya pwani na sababu sita za kuanguka kwake, anazikariri, anazitapika kwenye mtihani, na akifika umri wa kupiga kura anakwambia historia ni somo la kuchosha.

Siku hizi tumeigundua shida hiyo, na dawa tuliyoiona ni mapambo. Historia ichangamke! Basi inatiwa muziki wa kutisha, picha za droni juu ya magofu, na sauti nzito inayosema "mji uliopotea". Kilwa haijapotea. Iko kilomita 300 hivi kusini mwa Dar es Salaam, unafika Kilwa Masoko kwa basi, unapanda boti, na punde uko Kisiwani, ambako watu wanaishi, wanavua, na mbuzi wao wanakula majani kando ya msikiti wa karne ya 11. Hoja yangu ni kwamba mahali kama hapa hapana haja ya kuchangamshwa kwa nje. Uhai wake uko kwenye mambo ambayo bado yanabishaniwa, na sisi tunayaficha hayo hayo kwa kuogopa kumchanganya mwanafunzi na mtalii.

Chukua ubishi mkubwa kuliko yote: nani aliijenga Kilwa?

Wanazuoni wa enzi za ukoloni walikuwa na jibu moja, tena jepesi. Mawe, kuba, misikiti na sarafu ni kazi ya Waajemi na Waarabu; Mwafrika alikuwa mbeba mawe. Tarikhi waliyoitegemea ipo kwa sura mbili. Moja ni ya Kiarabu, ambayo nakala yake Sultani Barghash wa Unguja alimpa balozi wa Uingereza, John Kirk, mwaka 1872, na leo imehifadhiwa London. Ya pili ni ya Mreno João de Barros, aliyoichapisha mwaka 1552. Zote mbili zinaanza na Shirazi, nao wakaona kesi imekwisha.

Ila wangezisoma taratibu. Ile ya Kiarabu inasema wazi kwamba hao wageni walipofika walimkuta kisiwani Mwislamu aitwaye Muriri wa Bari pamoja na jamaa zake, na msikiti aliokwisha kuujenga yeye. Kwa hiyo hata kwa maneno ya watawala wenyewe, Uislamu na msikiti vilitangulia jahazi la Shirazi. Ile ya Kireno nayo inasema Ali aliondoka kwao kwa sababu ndugu zake walimdharau: mama yake alikuwa mtumwa Mhabeshi, wao mama yao ni wa ukoo mkubwa wa Kiajemi. Mwanzilishi wa "mji wa Waajemi", kumbe, mama yake ni Mwafrika. Maneno haya yalikuwepo kwenye karatasi kwa karne nyingi. Aliyetaka kuyaona aliyaona.

Miaka ya 1960 mwanaakiolojia Neville Chittick akachimba Kilwa kwa misimu kadhaa na mwaka 1974 akachapisha majuzuu mawili. Alikuta chini ya majumba ya mawe kuna makazi ya awali ya miti na udongo, vyungu vya kienyeji, na mabaki ya uhunzi. Hata hivyo aliendelea kuuona mji kama jambo lililoletwa. Waliomfuata walikataa. Mtanzania Felix Chami na wenzake walionyesha kuwa vyungu vya mwanzo vya pwani ni ndugu wa vyungu vya wakulima na wahunzi wa bara, si vitu vya kuja na merikebu. Kufikia miaka ya 1990, kizazi kipya cha wanaakiolojia kilikuwa kimefika upande wa pili kabisa: habari ya Shirazi ni ngano tupu, watu walijitungia nasaba ya mbali ili waonekane waheshimiwa mbele ya wafanyabiashara wa Kiislamu.

Halafu Machi 2023, jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800 hivi. Wengi walitoka makaburi ya pwani ya Kenya, na baadhi Kilwa na kisiwa jirani cha Songo Mnara. Mmoja wa viongozi wa utafiti alikuwa Mkenya Chapurukha Kusimba. Matokeo yaliwakera watu wa pande zote mbili, na ndiyo maana nayapenda. Kwa wengi wa waliopimwa, upande wa kina mama ni Waafrika karibu wote. Upande wa kina baba kuna damu nyingi ya Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza mnamo mwaka 1000, karibu na wakati ule ule ambao mapokeo ya Shirazi yanausema.

Kwa hiyo wazee waliokuwa wakisema "sisi Washirazi" hawakuwa wakiropoka. Wala mkoloni hakuwa na haki, maana mji ulikwisha kuwapo, na mgeni aliingia kama mkwe. Lugha ni ya mama, nyumba ni ya mama, na mume kaja na jina lake, bidhaa zake na nasaba yake ndefu. Mimi nasoma matokeo hayo hivyo. Mwingine atayasoma vingine, atauliza ndoa hizo zilikuwa za hiari kiasi gani, au kama watu wenye makaburi ya fahari wanaweza kuwasemea wavuvi na wakulima waliozikwa bila kaburi la mawe. Ni maswali mazuri. Mpe kidato cha pili nusu saa na kisa hiki chote, na ubishi wao, halafu uone kama kuna atakayesinzia.

Si lazima tuanzie kwenye nasaba, lakini. Ukuta wenyewe unaongea. Mtalii akiingia kwenye nyumba za Songo Mnara au Kisiwani anashangaa: watu matajiri hivi, wenye bakuli za China na ushanga wa India, mbona vyumba vyao ni vyembamba kama ushoroba? Kibao hakimwambii. Jibu liko mikokoni. Dari ya nyumba hizi ilibebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko ikizidi mita mbili na nusu au tatu hivi haistahimili uzito wa mawe na chokaa juu yake. Tajiri aliweza kurefusha chumba atakavyo, kukipanua hakuweza. Ukishajua hilo, unaingia jumba la Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu kwa macho mengine, kwa sababu pale unaona mafundi wakigombana na boriti: wakitia nguzo, wakitia matao, na mwisho wakiachana na mti kabisa na kupandisha kuba. Kuba kubwa ya ule msikiti ilikaa karne nyingi bila kupata mpinzani Afrika Mashariki.

Na jiwe lenyewe. Matumbawe ya nakshi yalikatwa baharini yangali hai, kwa kuwa yakitoka majini huchongeka kwa urahisi, kisha yakikaa juani yanakuwa magumu. Kwa hiyo nakshi za miimo ya milango na mihirabu ilibidi zichongwe mapema, fundi akikimbizana na jua. Chokaa ikachomwa kwa matumbawe hayo hayo juu ya matanuri ya magogo. Piga hesabu ya kuni! Msikiti mmoja ulikula miti kiasi gani, na ilikatwa wapi, na nani aliibeba? Hapo umekwisha kutoka kwenye orodha ya masultani na kuingia kwenye mikono ya watu ambao hakuna tarikhi iliyowataja.

Sarafu nazo zina mchezo wake. Kilwa ilifua sarafu za shaba kwa wingi. Waliochimba wameokota maelfu. Upande mmoja kuna jina la mtawala, upande wa pili sifa ya Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yanapatana vina. Ali bin al-Hasan upande huu. Upande ule, kwa Kiarabu, kwamba anamtegemea Mola mwenye neema, *al-minan*. Al-Hasan, al-minan. Watu wa pwani walikuwa na beti mfukoni kila walipokwenda sokoni. Kasoro moja: sarafu hizo hazina mwaka. Ndiyo maana wataalamu bado wanavutana juu ya Ali yupi ni Ali yupi, na kama utawala ulianza karne ya 11 au ya 12.

Hapa naomba kuwa mkali kidogo, kwa sababu sarafu hizi pia ndiyo mtihani wa wapenda mapambo. Moja, yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, ilipatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Hiyo inaeleweka: dhahabu ya nyanda zile ilishuka bandari ya Sofala na kupanda Kilwa, na utajiri wa Kilwa ulitokana na kuishika njia hiyo. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi wa Australia kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao, pamoja na sarafu nne za Kiholanzi. Hapo mitandaoni watu hawashikiki: Waswahili waligundua Australia! Huenda mabaharia wetu walifika, sikatai kwa kukataa. Lakini sarafu ya Kilwa inaweza kusafiri bila Mkilwa, na hizo zilizokuwa pamoja nazo za Kiholanzi ni za baadaye sana. Anayekupa jibu la uhakika hapo anakuuzia kitu. Anayekuuliza "wewe unaonaje, na kwa ushahidi gani?" ndiye anayekufundisha, na kisa wala hakipungui utamu.

Tuje kwa huyo al-Hasan bin Sulaiman. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta kwenye kiti, akausifu mji wake kuwa miongoni mwa miji mizuri. Watu walimwita sultani huyo Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa, kwa ukarimu wake. Fakiri kutoka Yemen alimsimamisha siku ya Ijumaa akitoka msikitini, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akamtolea. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa fakiri kwa watumwa kumi, na sultani akaongeza wengine kumi na mizigo miwili ya pembe.

Kisa hiki husimuliwa hadi hapo, watu wakaguna kwa kupendezwa. Watumwa ishirini wanapita katikati ya hadithi ya ukarimu na hakuna anayewatazama. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za bara mara kwa mara na kurudi na ngawira, na fungu la tano la ngawira hiyo alilitenga kwa matumizi yaliyowekwa na Kurani, ikiwemo kuwakirimu masharifu. Ukarimu ulikuwa na chanzo, na chanzo kilikuwa na majeraha. Sisemi hivyo ili tumvue heshima. Alikuwa mtawala wa karne ya 14 na walimwengu wa enzi yake hawakumshangaa. Nasema kwamba mtoto anayesikia kisa chote atamkumbuka Abul-Mawahib maisha yake yote, na anayesikia nusu atamsahau kabla ya boti kurudi Masoko.

Vivyo hivyo dhahabu. Vasco da Gama alikuja mwaka 1502 na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 Francisco d'Almeida akauteka mji na kujenga ngome. Wareno walikaa mpaka 1512 wakaondoka, ingawa biashara waliyoivuruga haikuondoka na majeraha madogo. Hayo yapo vitabuni. Kisichosemwa sana ni kwamba dhahabu ile bado ipo na unaweza kwenda kuitazama. Mfalme Manuel aliagiza itengenezwe monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huweka hostia takatifu ili ionwe na kuabudiwa. Ilikamilika mwaka 1506, kazi inayohusishwa na Gil Vicente, na maandishi yaliyo juu yake yanataja dhahabu ya kodi ya Kilwa. Iko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, Lisbon. Ni kazi nzuri mno. Mwanafunzi wa Lindi anapaswa kuiona picha yake darasani siku ile ile anayojifunza habari za da Gama, kisha aulizwe: chombo hiki ni cha nani? Ubishi wa hapo utafika hadi nyumbani jioni.

Kuna ambao wataniambia mambo haya yanataka mwalimu mwenye vitabu na muda, na darasa la wanafunzi themanini halina hicho wala kile. Ni kweli. Lakini Tarikhi ya Kilwa ni fupi, inasomeka kwa kikao kimoja, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo lugha haiwezi tena kuwa kisingizio. Kijitabu chenye Tarikhi, kurasa chache za Ibn Battuta, picha za sarafu tatu na ramani ya msikiti kingegharimu chini ya vibao vipya vya "Karibu Urithi wa Dunia". UNESCO iliitia Kilwa kwenye orodha yake mwaka 1981, ikaiingiza pia kwenye ile ya hatarini mwaka 2004, ikaitoa huko 2014 baada ya kuta kukarabatiwa na mikoko kupandwa kuzuia bahari. Kazi hiyo ilistahili kila senti. Mawe yameshikiliwa, sasa ni zamu ya maneno.

Wapo pia wanaohofia kwamba tukifungua ubishi tutafungua aibu. Hawa nawaelewa zaidi. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, piastre 20 kwa kichwa, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa mdomo wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa. Wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wanaswali safu moja leo, wameoana, na pengine hawajui nani ni nani. Waongozaji wa wageni hupita hapo haraka, kwa adabu. Lakini adabu hiyo ndiyo inayomwachia mtu wa mtandaoni nafasi ya kuja kusimulia kwa chuki kile ambacho mzee wa Kisiwani angekisimulia kwa kipimo.

Mimi ningeanza na mtihani, kwa kuwa ndio unaoamua nini kifundishwe. Ibn Battuta anasema baada ya Abul-Mawahib kufa alitawala nduguye Daud, ambaye mwombaji akimjia humjibu: aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutoa. Wageni walikaa kwake miezi mingi ndipo akawapa kidogo, hadi wakaacha kubisha hodi. Sasa tembea hadi kwenye jabali la Husuni Kubwa, jumba la Abul-Mawahib lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane linalotazama bahari. Halikumalizika. Swali la kidato cha tatu, alama ishirini: Je, Daud alikuwa bahili, au alirithi hazina tupu? Tumia jumba, sarafu na maneno ya msafiri. Mwongozo wa kusahihisha utoe alama kwa ushahidi, na usiweke jibu.